Lubumbashi: Mgeni Katika Nyumba za Wazee wa Shaba

Msafiri atokaye Zambia huvuka mpaka mahali paitwapo Kasumbalesa, na toka hapo hata Lubumbashi ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Barabara imejaa malori yaliyobeba mabamba ya shaba, yakielekea kusini, na foleni yake mpakani huweza kuwa ndefu hata madereva wakajipikia chakula kando ya magurudumu. Pande zote mbili ni misitu ya miombo na vichuguu vya mchwa vya ajabu, vingine vimepita kimo cha mtu mara mbili na zaidi. Halafu, kabla ya kuona nyumba yo yote ya mjini, msafiri huona dohani. Ni dohani ya kiwanda cha kuyeyushia shaba, yenye urefu wa zaidi ya mita 150, na karibu nayo pana kilima cheusi kisichoota jani hata moja. Kilima hicho hakikuumbwa na Mungu. Ni mabaki ya shaba iliyoyeyushwa, yaliyomwagwa hapo mwaka baada ya mwaka tangu kiwanda kilipoanza kazi mwaka 1911.

Wageni wengi hupiga picha ya dohani na kilima, wakadhani wamekwisha kuiona Lubumbashi. Mimi nilikwenda kwa kazi nyingine. Nilikwenda kukaa majuma sita katika nyumba ya mzee mmoja mstaafu, mtaa wa Katuba, ili nisaidie kuandika habari za wazee wa mji kama wanavyozisimulia wenyewe. Kazi ya namna hiyo haina mshahara. Mgeni hupewa mahali pa kulala, naye hutoa fedha ya chakula, huchota maji, na saa zake zilizobaki huzitumia kusikiliza. Vijana kadhaa wameniuliza habari za kazi hii, nami naona yafaa kuieleza kwa urefu kidogo, hasa kwa kuwa wengine wanafikiri kusikiliza wazee ni jambo jepesi.

Kwanza yatupasa kujua mji wenyewe. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, wakati reli kutoka kusini ilipofika, ikaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Wabelgiji. Jina la Lubumbashi, ambalo ni jina la mto wake, ilipewa mwaka 1966. Kabla ya Wabelgiji, wenyeji wa Katanga waliyeyusha shaba kwa karne nyingi, wakaifanya misalaba midogo iliyotumika kama fedha. Na msomaji wa Tabora au Kahama atafurahi kujua kwamba mfalme Msiri, aliyetawala nchi hiyo toka mji wake wa Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, alikuwa mtu wa asili ya Usumbwa, yaani jirani yake kabisa.

Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 kuchimba shaba ya Katanga. Nchi ilikuwa na watu wachache, kwa hiyo wafanyakazi waliletwa toka mbali: Kasai, Lomami, Rwanda na Urundi, na Rodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia. Hapo mwanzo waliletwa bila wake zao, wakaishi vibaya, wengi wakafa, wengi wakatoroka. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ilibadili njia: ikawaruhusu waje na wake zao, ikawapa mikataba ya miaka mitatu, ikawajengea kambi, shule na hospitali. Mapadre na masista ndio waliofundisha katika shule hizo. Kwa njia hii watu wa makabila mengi, wasiojuana, walijikuta wakilea watoto katika mstari mmoja wa nyumba zinazofanana. Lugha iliyowaunganisha ikawa Kiswahili.

Jambo hili la lugha lina historia yake. Hapo awali wakubwa wengi wa kazi walitoka kusini, wakatumia Kiingereza au lugha ya mchanganyiko iliyoitwa Kikabanga. Wabelgiji hawakupenda mvuto huo wa Waingereza katika nchi yao, na hiyo ni mojawapo ya sababu zilizokifanya Kiswahili kitiwe nguvu kazini na shuleni. Basi Kiswahili cha Lubumbashi kilikua zaidi kambini na kiwandani kuliko katika misafara ya pembe. Hata leo kina harufu ya kazi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Mwaka 2000 Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na mwenzake Bogumil Jewsiewicki wa Chuo Kikuu cha Laval huko Kanada, walianza kazi waliyoiita kwa Kifaransa „Mémoires de Lubumbashi”, yaani kumbukumbu za Lubumbashi. Kwa kawaida historia ya mji kama huu huandikwa katika karatasi za kampuni na za serikali. Humo utasoma tani za shaba na majina ya wakurugenzi. Wao walifanya kinyume. Wanafunzi wa Chuo walitumwa mitaani, Kamalondo, Kenya, Katuba, Ruashi, waende kuuliza majumbani. Wananchi waliombwa walete katika Makumbusho ya Taifa vitu vyao wenyewe, vile vitu vya kila siku ambavyo hakuna aliyewahi kufikiri kuviweka nyuma ya kioo, na picha za zamani za jamaa. Onyesho lile liliitwa kwa neno moja la Kiswahili: Ukumbusho. Baadaye vikafuata vitabu juu ya wanawake na mavazi na muziki wa mji (2002), na juu ya kazi ya jana na ya leo (2004).

Fikiri, msomaji, mama aliyenunua kitu kwa jasho lake, akakitumia miaka arobaini, anaingia katika makumbusho na kukikuta kimewekwa hapo pamoja na jina lake. Makumbusho yale yalianzishwa zamani za ukoloni, yakaitwa kwa jina la mfalme Leopold wa Pili.

Tangu hapo kazi ya kukusanya kumbukumbu haikukatika. Imeingia kwa walimu na wanafunzi, na kwa wasanii pia. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alichukua picha za kale za wafanyakazi, zilizopigwa kwa amri ya kampuni, akazipandikiza juu ya picha za viwanda vilivyobaki magofu. Kazi hiyo ya mwaka 2006 imempa sifa duniani. Yeye na wenzake walianzisha mwaka 2008 onyesho la sanaa la mji, linaloitwa Picha, ambalo hurudi kila baada ya miaka kadhaa. Kituo kingine cha sanaa kinaitwa Waza. Kwa hiyo kijana atakaye kujitolea hakosi mlango wa kubisha: Chuo, makumbusho, vituo hivi vya sanaa, au paroko wa mahali. Lakini asibishe mikono mitupu. Na awe na barua kutoka kwa mtu anayemjua vizuri, maana mji umekwisha kuona wageni wengi waliokuja kuchukua.

Nyumba niliyokaa ilikuwa ya matofali, vyumba vitatu na sebule, na ua uliofagiliwa kabla ya jua kutoka. Saa kumi na moja ya alfajiri nilisikia ufagio, kisha mlio wa makaa yanayotiwa katika jiko dogo la bati, ambalo huko huitwa mbabula. Ilikuwa mwezi wa Juni. Asiyejua hudhani Kongo yote ni joto; Lubumbashi iko juu, mita 1,200 na zaidi, na asubuhi za Juni na Julai mtu hutafuta koti. Umeme ulikuja na kwenda kwa hiari yake. Maji tulichota kisimani kwa jirani, na foleni ya ndoo ilinipa majirani wangu wa kwanza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu, kweli, Mama mwenye nyumba alinipa ndoo. Sikusikia vibaya. Yule aliyekuja kukaa akakataa ndoo, atabaki mgeni wa sebuleni hata siku ya kuondoka, na katika sebule watu husema maneno ya sebuleni tu: kwamba zamani palikuwa pazuri, kwamba vijana wa leo hawana adabu. Habari zenyewe hutoka uani, mama akichambua sombe, yaani kisamvu, au akisonga bukari. Bukari ndio ugali wao, wa unga wa mahindi. Nao huuliwa pamoja na vitoyo, samaki wa chumvi waliokaushwa, au mchicha waitao lengalenga. Katika juma la pili niliacha kuuliza maswali niliyoyaandika kabla ya safari. Nilikuwa nashika upande wa sufuria, na majibu yakaja bila maswali.

Lugha nayo ilinipa kazi. Kiswahili cha vitabu wenyeji hukiita „Kiswahili bora”, na husema hivyo kwa heshima, lakini watoto wa nyumba ile walicheka kila nilipofungua kinywa, kama watu wanaosikiliza redio ikila chakula pamoja nao. Wao husema batu, si watu. Mayi, si maji. Kuloba, si kusema. Babu ni nkambo. Kaka au dada mkubwa ni yaya, na ole wako umwite kwa jina tupu. Mzee niliyekaa kwake nilimwita Baba, na mkewe Mama, na vijana wao wakubwa niliwaita yaya, ingawa mmoja alikuwa mdogo wangu kwa miaka miwili, alipendezwa sana.

Neno moja lilinikalia moyoni. Mzee alisema: „Nilitumika miaka makumi tatu na moja.” Katika Kiswahili cha pwani maana yake ni kama chombo, kama nyundo iliyotumika. Lakini huko kutumika ni kufanya kazi tu, wala hakuna uchungu ndani yake. Nilimweleza Baba jinsi sisi tunavyolisikia neno hilo. Alinyamaza kidogo, akacheka, akamwambia mkewe kwa sauti kubwa: „Mama, umesikia? Kwao wanasema nilikuwa nyundo!” Akalirudia neno hilo kwa kila mgeni aliyefika jioni ile.

Baba alianza kazi kabla kampuni haijataifishwa. Mwaka 1967 mali ya Union Minière ilichukuliwa na serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa mfanyakazi wa kawaida mambo mengi yaliendelea vile vile: nyumba, shule, hospitali, na juu ya yote posho. Mama ndiye aliyenieleza posho, kwa kuwa ndiye aliyekwenda kuipokea. Siku maalumu wanawake walipanga mstari na vikapu vyao, wakapimiwa unga, maharagwe, samaki au nyama, mafuta ya mawese na chumvi, kwa kadiri ya watoto walioandikwa. Mtoto akizaliwa, kipimo huongezeka. Alijua kila kipimo, kwa kilo na nusu kilo, kama mtu asomaye katekisimu. Aliniambia pia kwamba mwalimu mmoja wa kike alikuwa akija kukagua nyumba, kama vyombo vimeoshwa na vitanda vimetandikwa. Je, alimkasirikia? „Nilimwogopa,” akasema. „Lakini kushona alinifundisha yeye.” Cherehani ya Mama ilikuwapo sebuleni, imefunikwa kitambaa cha maua, na ndiyo iliyolisha nyumba wakati mshahara ulipokoma.

Maana mshahara ulikoma kweli. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Katikati ya miaka ya 1990 haikufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Wazee hucheka wakisikia hilo neno hiari. Profesa Dibwe ameandika kitabu juu ya jamaa hizi za wafanyakazi, kilichotoka mwaka 2001, na jina lake kwa lugha yetu ni kama kusema: wana wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba huyo ni kampuni. Ukikaa mtaani siku chache utaelewa kwamba hilo si fumbo la mwandishi. Watu wenyewe husema kampuni ilikuwa baba na mama. Kwa maoni yangu, baba apimaye unga kwa kilo na kukagua vitanda ni baba wa namna yake. Lakini nilijifunza kutolisema hilo mbele ya mtu ambaye watoto wake wote walizaliwa katika hospitali ya kampuni wakapona.

Kuna siku moja ambayo wazee wote huitaja, hata waliozaliwa baada yake. Ni tarehe 9 Desemba 1941. Vita ya ulimwengu ilikuwa inaendelea, bei za vitu zilipanda, na wafanyakazi Waafrika wa Union Minière waliacha kazi wakitaka waongezewe mshahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari walipewa amri, wakapiga bunduki. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa hapo pamoja na wengine wengi. Ni wangapi? Hapo ndipo karatasi na watu wanapoachana, maana hesabu ya wakuu ni ndogo kuliko ile wanayoisimulia watu wa mitaa. Baba alisimuliwa na marehemu baba yake. Rafiki yake, aliyekuja kila Jumapili baada ya Misa, alisimuliwa na mjomba. Wawili hawa hawakupatana hata kidogo: mmoja alisema askari walipiga mara moja, wa pili alisema kulikuwa na maneno marefu kwanza, mmoja alisema maiti walizikwa usiku, wa pili alisema mchana mbele ya watu. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Msaidizi atafanya nini hapo? Wengine hupenda kuchagua hadithi moja iliyo nzuri zaidi, au kuchanganya mbili zikawa moja. Sisi tulifundishwa kuandika zote mbili, kila moja na mwenyewe, na kuandika pia nani alimsimulia nani. Mjomba yule alikuwa karani, na baba wa Baba alifanya kazi tanuruni. Kila mmoja alisimama upande wake wa uwanja. Mabishano yale ya Jumapili yana thamani kuliko masimulizi yaliyonyooka.

Tena kuna mambo yasiyoandikwa. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga, hasa katika miji ya Likasi na Kolwezi. Maelfu kwa maelfu walilala katika vituo vya reli wakingoja magari ya moshi, na wengi, wadogo kwa wakubwa, walikufa njiani. Hao walikuwa watoto na wajukuu wa wale walioletwa na kampuni. Walizaliwa katika mstari ule ule wa nyumba, wakabatizwa katika kisima kile kile. Profesa Dibwe na mwenzake Marcel Ngandu Mutombo walitoa kitabu mwaka 2005 juu ya kuishi pamoja katika Katanga, na ni kitabu kilichohitajiwa. Lakini mtaani si rahisi. Jirani yetu mmoja, mama wa Kasai, alinisimulia maisha yake kwa siku mbili, kwa furaha, mpaka alipofika mwaka 1992. Hapo akasema, „Zima.” Nikakizima kinasa sauti. Aliendelea kusema kwa nusu saa. Yale aliyoyasema hayamo katika daftari langu wala humu.

Nataka kusema neno kwa wanafunzi juu ya hazina iliyo karibu nao. Katika parokia za zamani za Lubumbashi viko vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Wabenediktini walifika huko mwaka 1910, na Wasalesiani mwaka 1911. Katika vitabu vya namna hiyo huandikwa jina la mtoto, la wazazi wake, la msimamizi wake, na mara nyingi mahali walipotoka. Kampuni iliandika wafanyakazi kwa namba, lakini padre aliandika majina. Mtu atafutaye babu yake aliyetoka Kasai mwaka 1927 atampata huko upesi kuliko mahali pengine. Karatasi hizo zinaoza. Kijana mwenye mwandiko mzuri na subira, na ruhusa ya paroko, angeweza kunakili kitabu kimoja wakati wa likizo, na ingekuwa kazi kubwa. Fikiri pia Padre Placide Tempels, Mfransisko, aliyefika Kongo mwaka 1933 kuja kufundisha. Kwanza alifundisha sana. Baadaye alikaa akawauliza watu wanafikiri nini juu ya uzima, uzazi na undugu, na kitabu chake juu ya falsafa ya Wabantu kilitolewa hapo Elisabethville mwaka 1945. Wasomi wamekibishia mno, na pengine kwa haki. Lakini jamaa nyingi za Katanga zilimpenda kwa sababu aliuliza.

Jioni moja Baba aliniuliza yeye. „Maneno yangu haya, yatakaa wapi?”

Swali hilo lina mizizi. Katika sebule za Lubumbashi za zamani palitundikwa picha za rangi zilizochorwa na mafundi wa mjini, na picha hizo ziliitwa ukumbusho: mamba-muntu mwenye mkia wa samaki, au askari akimchapa mfungwa wakati wa Wabelgiji. Mchoraji mmoja, Tshibumba Kanda-Matulu, alichora katika miaka ya 1973 na 1974 historia yote ya nchi, kiasi cha picha 100, tangu wafalme wa kale mpaka siku zake. Kila picha aliieleza kwa Kiswahili kwa Profesa Johannes Fabian, ambaye wakati ule alikuwa akifundisha Lubumbashi, na maelezo hayo yalichapwa katika kitabu mwaka 1996. Mchoraji alitoweka katika miaka ya 1980, na picha zake ziko Amsterdam, Uholanzi. Zimetunzwa vizuri. Lakini mtoto wa Katuba atakaye kuziona sharti apate pasi, visa na nauli ya ndege.

Kadhalika mwaka 1965 watumishi wa nyumbani, wapishi na maboi wa Wazungu, walitaka historia yao iandikwe. Mwenzao André Yav akaipiga kwa taipu, kwa Kiswahili kile kile cha mtaani, akaiita „Vocabulaire” ya mji wa Elisabethville. Hakuna mtu aliyewatuma. Waliona tu kwamba wao ndio waliojua kilichosemwa mezani na chumbani, na kwamba wakifa bila kuandika, hapana atakayejua. Karatasi zile zilichapwa kuwa kitabu mwaka 1990, nazo pia ni ng’ambo, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Simlaumu Fabian. Bila yeye huenda zingefungiwa karanga sokoni, na amezitoa bure kwenye intaneti kwa ye yote mwenye simu nzuri. Lakini Baba hana simu nzuri, na swali lake lilikuwa halali.

Nilimjibu kwamba nakala ya kwanza ingekaa kwake. Hivyo ndivyo tulivyofanya kwa nyumba zote tulizoingia: yaliyonaswa tuliyaandika katika daftari, kwa maneno ya msemaji mwenyewe, batu wakabaki batu na mayi yakabaki mayi; daftari moja kwa jamaa, moja kwa Chuo. Msaidizi hakuruhusiwa kuchukua ila barua aliyopewa kwa hiari. Kazi ya kunakili kwa mkono ni ndefu na inachosha macho, hasa umeme ukikatika, na vijana wawili waliokuja wakati wangu waliiacha baada ya juma moja. Walitaka kusikia hadithi, si kunakili. Basi atakaye kwenda, achukue kalamu nyingi, koti la Juni, na fedha ya chakula asingoje kuombwa. Asiahidi kurudi kama harudi.

Wao nao wakauliza ya kwetu, na nadhani nusu ya majuma yangu ilikwenda katika kujibu. Mama alitaka kujua kwetu mnazika vipi, na kama mjane anarithiwa. Vijana waliuliza bei ya shamba. Rafiki wa Jumapili aliuliza kama ni kweli wajukuu wa ukoo wa Msiri bado wako Usumbwa, na kama tunawajua. Nilimwambia nitauliza, na nimekwisha kuandika barua mbili.

Daftari la Baba lilikwisha siku nne kabla ya kuondoka kwangu, kurasa 61. Alivaa miwani, akaketi uani tangu asubuhi, akalisoma lote bila kusema neno, Mama akipita nyuma yake kila mara na kuchungulia. Saa nane akaniita. Alikuwa ameweka kidole juu ya ukurasa wa tisa, pale penye namba yake ya kazi, ile iliyochongwa katika kibati alichovaa siku ya kwanza.

„Hii niliyokuambia si yangu,” akasema. „Hii ni ya ndugu yangu, yule aliyekufa Kipushi.” Akaomba kalamu, akaikata kwa mstari mmoja, akaandika yake juu. Kisha akafikiri, akaiandika tena ile ya ndugu yake pembeni, na jina lake lote, na mwaka.